Mmoja Anatosha

Nyumba ya Masista,
Sumbawanga,
Agosti

Mdogo wangu Fabiani,

Tumsifu Yesu Kristu. Naomba barua hii ikukute umeketi, na tumbo likiwa limetulia tangu lile la mwezi wa sita. Mimi ni mzima, ila magoti. Upepo wa huku juu unaufahamu, siku hizi unapita chini ya mlango kama mwenyeji. Msalimie wifi yangu Cornelia, umwambie maharage aliyotuma yalifika na tuliyafurahia.

Ninaandika kwa sababu juzi ulikata simu kabla sijamaliza. Sikulaumu. Mtu akiambiwa kwamba binti yake hatafunga nadhiri, na ulezi wa pombe ya sherehe umekwisha kulowekwa, na jirani zake nusu ya Ilemba wamealikwa, lazima apige kelele. Lakini ulisema maneno ambayo siwezi kuyaacha yakae. Ulisema Mama Mkuu wetu ni mtu wa Mbeya, hawapendi Wafipa, ndiyo maana amemfukuza Lydia. Sivyo. Mama Mkuu huyo, Sista Sekela, ndiye aliyetaka kumbakiza. Aliyesimama kwenye baraza la masista akasema mtoto huyu asifunge nadhiri ni mimi, shangazi yake. Sasa tulia, nikueleze tangu mwanzo, maana unajua mimi sijui kueleza jambo kwa kifupi.

Lydia alipoingia unovisi, ile miaka ya malezi kabla ya nadhiri, hatukuwahi kumwona mnovisi kama yeye. Kengele ikilia, yeye amekwisha kufika. Akipewa kazi ya zizi, anafanya. Akihamishiwa jikoni kabla hajanawa, anahamia bila kukunja uso. Baada ya masifu ya asubuhi, wenzake wakikimbilia uji, yeye alibaki amepiga magoti mpaka uji unapoa. Sista Rhoda, ambaye unamjua kwa ulimi wake, alikuwa akisema tumpunguzie sala huyu Mtakatifu wa Ilemba, la sivyo tutaanza kumwashia mishumaa naye bado anadaiwa kuosha sufuria. Tulicheka. Tulijivuna pia. Walezi wake waliandika kila mwaka kwamba ana utii wa pekee.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wa nyumba kama yetu ndio hulifanya. Sisi tumezoea kuupenda utii kiasi kwamba hatuuulizi umetoka wapi. Binti akiinamisha kichwa, tunaona unyenyekevu. Mama yeyote wa kijijini angemwangalia mara moja akauliza, huyu mtoto anaogopa nini?

Mimi siku hizi kazi yangu ni chumba cha hostia, mikate ya komunyo. Ni kazi ya wazee. Unga wa ngano na maji, basi. Unamimina uji mwepesi juu ya bamba la moto, unafunika, unatoka mkate mwembamba kama karatasi. Huukati hapo hapo. Unauacha upate unyevu kidogo, maana ukiukata mkavu unavunjika vipande vipande. Lydia alikuwa akinisaidia kukata. Ile siku ya mwezi wa sita Cornelia aliponipigia simu kwamba tumbo limekushika tena, nilimweleza mtoto wako kwa upole, nikaongeza kwamba umepata dawa na unaendelea vizuri. Hakusikia hiyo sehemu ya pili. Sinia lilimtoka mikononi, hostia zikatapakaa sakafuni, naye akakimbia.

Nilimfuata kwa magoti yangu haya, nikamkuta kikanisani. Hakuwa anasali sala ninayoijua. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi, anarudia neno moja kwa Kifipa, lugha ambayo humu ndani hatuitumii isipokuwa mtu ameumia. Alikuwa anasema, "Sijatoka. Sijatoka. Sijatoka."

Nilikaa karibu naye mpaka akanyamaza. Kisha akaniambia. Jioni ya jana yake alikuwa amesimama uani akitazama wasichana wa mtaa wa Katandala wakirudi kutoka shule, wanataniana, mmoja amevua viatu amevishika mkononi. Akawaza, na mimi ningeweza kurudi nyumbani. Aliwaza tu. Kesho yake akaambiwa baba yake anaumwa.

"Shangazi," akasema, "nikitoka humu baba atakufa. Aliniambia mwenyewe."

Nilimuuliza ulisema nini hasa. Akanieleza kwamba ulipopasuliwa mara ya pili na madaktari wakatikisa vichwa, uliahidi kwamba ukipona utamtoa binti yako kwa Mungu. Ukapona. Yeye wakati huo alikuwa anamaliza kidato cha nne, anataka chuo cha mifugo, na fomu alikuwa amekwisha kujaza. Siku unamsindikiza kupanda gari kuja huku, ulimshika bega ukamwambia, "Uhai wangu umeubeba wewe. Ukigeuka nyuma, umenizika." Je, ulisema hivyo, Fabiani? Sikuulizi ili ujibu. Mtoto alilitaja neno kwa neno, na nimeitambua sauti.

Sasa vumilia nikufundishe, kwa kuwa nilifundisha jambo hili darasani miaka mingi. Nadhiri humfunga yule aliyeiweka, haimfungi mtu mwingine. Ukiahidi kutembea kwa miguu mpaka kanisani, utatembea wewe. Huwezi kuahidi miguu ya jirani. Na mtu akifunga nadhiri kwa kuogopeshwa, hata mbele ya askofu, hata kwaya iimbe namna gani, Kanisa halihesabu kwamba kuna nadhiri hapo. Ulitaka umpeleke binti yako altareni na kikapu cha ulezi kichwani kama bibi harusi, ukabidhi, watu wapige vigelegele. Ungekabidhi hofu tupu.

Barazani Sista Sekela alisema tumpe mwaka mmoja zaidi, pengine hofu itageuka kuwa upendo. Alisema kwa nia njema. Nilimjibu kwamba inaweza kugeuka, na kwamba ndiyo sababu nakataa. Wenzangu walinishangaa. Lydia akaitwa, akaulizwa kama angependa kwenda nyumbani, ikiwa ana hakika baba yake atakuwa salama. Akauliza, "Nani atanihakikishia?" Tukaamua aende.

Kwa hiyo mtoto anakuja, lakini usidhani anakuja amefunguliwa. Anarudi akiamini kwamba anakuletea kifo. Tangu aambiwe, hali chakula kikashuka. Mimi nimemweleza yote niliyokueleza hapa, na Mama Mkuu pia, na padre. Anaitikia, "Ndiyo, Sista," kwa utii wake ule ule. Neno letu halimfikii. Aliyemfunga ni wewe, na ni kinywa chako tu kinachoweza kumfungua.

Utaniuliza, kama ulivyoanza kuniuliza kwenye simu, imekuwaje niwe mkali hivi, mimi niliyezeeka ndani ya nyumba hii hii kwa amani. Nilikuwa nimeazimia kuondoka na jambo hili duniani. Sasa naona nikilinyamazia, litamla mtoto mwingine.

Ulipokuwa mchanga ulipata surua. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kuzika watoto wawili wa kiume. Baba alitoka nyumbani akaenda misheni kuomba. Ukapona. Mimi nilikuwa msichana wa kutosha kuchota maji na kusoma kitabu, na nilipenda kusoma kuliko kusali. Mwaka uliofuata nikaambiwa naenda kwa masista. Asubuhi ya kuondoka, mama alinifunga kitenge jikoni, akaninong'oneza, "Usirudi, mwanangu. Fabiani bado mdogo."

Hivyo ndivyo nilivyojua baba aliahidi nini kule misheni. Sikurudi, ila kwa likizo. Kila likizo ulinikimbilia njiani umekua, una meno mapya, una suruali mpya, nami nilikukagua kama mtu anayekagua shamba alilolima. Sikukuchukia. Lakini sitakudanganya pia: sijawahi kukutazama bila kukumbuka.

Mungu nimempenda. Nilijifunza kumpenda kama mke anavyojifunza kumpenda mume aliyechaguliwa na wazazi. Siku nyingine kwa furaha, siku nyingine kwa mazoea. Nilipofika darasani nikasoma yale ya nadhiri na hofu, nilikuwa nimekwisha kufunga za daima, na nilimfundisha kila mnovisi ukurasa ule bila sauti kubadilika. Huenda Mungu angeniita mwenyewe. Linaloniuma ni hilo: hakupewa nafasi ya kuniita, wala mimi ya kumwitikia. Baba yetu alitangulia.

Barua hii anaileta katekista wenu Adolfu, aliyekuwa hapa kwa semina. Lydia atapanda gari Jumamosi. Nenda kituoni wewe mwenyewe, usimtume mtu. Kabla hajaweka begi chini, mwambie: mimi ndiye niliyeahidi, ahadi ni yangu, wewe huna deni nayo. Mwambie hivyo hata kama hujaamini. Kisha umwone paroko, akuonyeshe namna ya kumtolea Mungu kitu kilicho chako. Pombe usiimwage. Wageni wakija, waambie binti yako amerudi nyumbani, wanywe. Asikalishwe mbele ya watu kuulizwa maswali, na chuo cha mifugo kisisahauliwe.

Na siku tumbo likikuuma tena, maana sisi sote ni wa kuumwa, nenda hospitali. Usimwite Lydia. Wewe una mtu huku aliyetolewa kwa ajili yako, hajatoka, na hana tena pa kwenda. Mmoja anatosha.

Wasalimie watoto na wajukuu, na Cornelia kwa namna ya pekee, kwani nahisi jikoni kwake naye alimfunga mtu kitenge. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Sista Avelina