Upana wa Daraja la Kivukoni

Ijumaa, 22 Februari 1957
Asubuhi barua za chifu, kama kawaida. Malalamiko ya mbuzi. Mtu wa Mkongani anataka kibali cha kuuza mahindi, amekuja bila jina la baba yake, nimemrudisha. Karani naye ana mipaka yake.

Baada ya sala nimeshuka mtoni na kamba ya kupimia. Halmashauri ya wilaya imekubali kutoa fedha: njia ya waendao kwa miguu na baiskeli kutoka kijijini kwetu Kinondo hadi barabara kuu, daraja la mbao hapo kivukoni, na banda la kungojea basi ng'ambo. Ofisi ya wilaya, Kwale, inataka vipimo. Nimemsimamisha jirani yetu Bakari na baiskeli yake, madafu yakining'inia huku na huku, nikamwomba mwanamke mwenye mtungi apite kando yake. Amepita. Futi nne na nusu. Nimeandika tano, nikajiona mkarimu.

Maji yalikuwa ya magotini. Hapa mama alikuwa akinibeba mgongoni, viatu vyangu amevining'iniza shingoni. Baba mbele, baiskeli begani. Akifika ng'ambo alikuwa akiipangusa baiskeli kwanza kwa shati lake, ndipo ajipanguse mwenyewe. Mama alikuwa akimcheka kila mara.

Jumatatu, 25 Februari
Vipimo vimekwenda Kwale. Chifu ameridhika. Jambo lote la njia ameniachia mimi. Yeye ana mbuzi zake za kuamua.

Alhamisi, 7 Machi
Baba hakupata usingizi kwa kukohoa. Nimempeleka hospitali ya Msambweni. Daktari amesema moyo umechoka. Baba amesikia, ametikisa kichwa, ameuliza kama tutaliwahi basi la saa nane.

Jioni amenihoji habari za daraja. Nimemwambia futi tano.

"Na watu watapokezana wapi?"

Makaburi yetu yako ng'ambo. Jeneza halibebwi na watu wanne tangu nyumbani hadi kaburini. Kila mmoja anataka bega lake liguse: anajipenyeza mbele, anapokea mti wa jeneza, aliyekuwepo anarudi nyuma, na maiti hapungui mwendo. Kwa futi tano hakuna wa kujipenyeza. Mimi, mtu wa Kinondo mzima, nimezika watu wangapi, halafu nakwenda kupima daraja kwa madafu!

Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Siku ya kumzika mama ilikuwa bamvua, bahari ilijaa, maji yalipanda mtoni hadi vifuani. Mle majini hapakuwa na kupokezana. Wanne walioingia naye ndio waliotoka naye, na baba alikuwa mmoja wao. Katikati mguu wake uliteleza. Jeneza liliinama. Sanda ililowa.

Nilikuwa na miaka tisa, nilisimama ukingoni. Nilidhani analia kwa sababu ya mama tu.

"Mimi nataka nivuke mkavu," amesema. "Nilazwe karibu naye."

Jumatatu, 11 Machi
Kwale. Nimengoja tangu asubuhi kwenye benchi. Injinia Mzungu si mtu mbaya. Amenisikiliza, amechora, amefuta. Futi nane zinawezekana, lakini fedha ni zile zile. Nikitaka mbao zaidi, nichague cha kuacha.

Kuacha njia haiwezekani. Nimeacha banda la basi. Nimetia sahihi kwa niaba ya chifu na watu wote, na watu wote sikuwauliza. Njiani kurudi nimekaa dirishani nikitazama minazi, na furaha ikanijaa kama mtoto aliyepewa sikukuu. Kisha nikaona haya.

Jumatano, 10 Aprili
Mfungo. Mafundi wanafanya kazi asubuhi tu. Nguzo zimesimama. Baba haruhusiwi kufunga, na hilo linamkera kuliko ugonjwa. Kila jioni kabla ya adhana ananiuliza mbao zimefika wapi. Nikimwambia nusu, anafurahi kana kwamba ni yeye aliyezipigilia.

Jumanne, 21 Mei
Masika haya ni ya kisirani. Leo Bi Mwanasiti amenijia ofisini, maji yanamchuruzika. Ndiye fundi wa mikeka. Kila Jumanne na Ijumaa huenda na basi kuuza Likoni. Basi limechelewa, mvua imempiga barabarani, mikeka yote imelowa, rangi zimeingiliana. Ameifungua juu ya meza yangu, mmoja mmoja, niitazame.

"Karani, kumbe banda lilikuwamo kwenye barua! Wewe ndiye uliyelifuta. Sisi tulio hai tunyeshewe, maiti wapite kwa nafasi?"

Watu wamejaa mlangoni. Nimesema jeneza ni la wote. Ni kweli. Lakini mbele ya macho yangu palikuwa na jeneza moja tu, na hilo sikulisema. Amekunja mikeka yake akaondoka bila kuaga. Kwetu mtu haondoki bila kuaga.

Sijala leo.

Jumapili, 9 Juni
Daraja limekwisha. Halikufanyiwa sherehe, chifu amepita tu na kofia yake.

Alasiri nimemshika baba mkono tukavuka. Pole pole. Bakari ametupita na baiskeli, kengele juu, na nafasi ikabaki. Katikati baba amesimama, ameegemea ukingo, ametazama chini kivukoni. Mawe ya kukanyagia yako pale pale. Kila mmoja wetu alikuwa na jiwe lake analoliamini.

"Mamako angecheka," amesema. "Watu wanavuka na viatu!"

Amecheka yeye badala yake, kikohozi kikamkatiza. Nimetamani nirudi utotoni, hata kwa siku moja, tuwe watatu, maji yawe ya magotini.

Jumanne, 16 Julai
Baba amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 18 Julai
Leo naweza.

Juzi tulipokuwa tukimtayarisha, mtoto wa Bi Mwanasiti alibisha uani. Ameleta mkeka. Mpya, mweupe, mkavu, haujawahi kutoka nje. Ujumbe wake mfupi: mama anasema wa jeneza. Ilikuwa Jumanne, siku yake ya kuuza. Nimeupokea, nimeitikia kwa kichwa.

Tulitoka baada ya sala ya adhuhuri. Mimi mbele kulia, pale alipokuwa yeye siku ya mama. Tulipofika mtoni nilihofu. Mwili ulitaka kushuka majini, kwa mazoea. Tukapanda mbao. Hatua zikabadili sauti. Bega likaja nyuma ya bega langu, nikapokewa, nikarudi nyuma, nikajipenyeza tena. Watu walipita pande zote mbili. Hakuna aliyebanwa.

Ng'ambo basi la Likoni lilikuwa limesimama. Dereva alizima injini. Bi Mwanasiti alikuwa chini ya mnazi pamoja na wanawake wengine, leso kichwani, pale ambapo lingekuwa banda. Abiria wanaume walishuka wote, wengine hata hatukuwajua, mmoja ni mchunga ng'ombe wa nyika ya Taru mwenye kipande cha shuka begani. Kila mmoja alitia bega. Dereva pia.

Baba alifika mkavu. Niliugusa mkeka kabla hatujamteremsha. Nililia hapo, mbele ya watu, na sikujali.

Usiku ule nililala kama jiwe.

Ijumaa, 26 Julai
Asubuhi mimi na Bakari tumekata boriti za banda la basi. Bi Mwanasiti ameahidi makuti, amesema lakini ni yeye atakayechagua mlango uelekee wapi. Nimemwachia. Halmashauri itajua baadaye.

Baada ya sala nimekwenda makaburini. Baba na mama wamelala karibu, mkono unafika. Nimeng'oa majani ya kwake na ya kwake. Hakuna upepo. Nimekaa mpaka kivuli kikahama.

Kurudi nilikuwa na baiskeli ya baba. Nimefika darajani, nimesimama. Nimevua viatu, nimefunga kamba zake, nimevining'iniza shingoni. Baiskeli begani. Nimeshuka.

Bakari akaniita kutoka juu, daraja lina nini?

Nimemwambia daraja ni zima.

Maji yalikuwa ya vuguvugu, ya magotini. Jiwe langu bado lipo. Nilipofika ng'ambo nimevua shati, nikaipangusa baiskeli kwanza.