Dada, Hukuniuliza

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Miaka mingi imepita tangu tulipokuzika Kiberege, lakini mkono wangu haukubali kukuandikia bila kukuamkia kwanza. Juma hili habari zimefika Ifakara kwamba Wajerumani wameondoka kwenye boma la Mahenge. Vita vya Wazungu wenyewe vimewatoa. Watu wameingia bomani na kutoka na milango mabegani. Mimi nimechukua kalamu, kwa sababu kuna jambo nililoshindwa kukuambia ulipokuwa hai, na sasa naweza kuliandika wazi, alisome anayetaka.

Lakini kwanza nikusifu, maana ulipokuwa hai nilikuwa nakubishia tu.

Unakumbuka siku mtumbwi wetu ulipoibwa? Nilirudi nyumbani nafoka kwamba watu wa ng'ambo ya mto ni wezi. Wewe ulikuwa umekaa na ungo mapajani, unachambua mchele. Hukuinua macho.

"Wote?" ukaniuliza.

"Ndiyo, wote!"

"Hata shemeji yako, anayetuletea samaki?"

"Yeye siye."

"Basi si wote. Umemwona aliyechukua?"

"Nimeona nyayo zinaelekea ng'ambo."

"Basi sema hivyo: nyayo zinaelekea ng'ambo. Hayo mengine umeyatia chumvi."

Nilikasirika hata nikakataa chakula. Siku ya pili mtumbwi ukaonekana umenasa kwenye matete, kumbe kamba ilikatika tu. Hukunicheka. Ulisema maneno ya watu yana mawe ndani kama mchele, na asiyeyachambua atavunjika meno. Ulijifunza hayo ukiwa msichana, ulipokuwa ukipeleka pombe kwenye baraza la jumbe, mkuu wa kijiji chetu. Wanaume walidhani unasubiri vibuyu virudi, kumbe ulikuwa unasikiliza kila shauri, nani kasema nini, na lipi limetokana na lipi.

Kisha wakaja wajumbe wa dawa ya maji, wakitaka tupigane na Mjerumani. Kijiji kizima kilikusanyika. Yule mjumbe alikuwa na sauti nzuri, na aliyoyasema juu ya kiboko, kodi na kazi za kulazimishwa yalikuwa kweli tupu. Akasema atakayekunywa maji yale, risasi ya Mjerumani itageuka maji mwilini mwake. Watu wakashangilia. Wewe ukasimama.

"Baba, naomba kuuliza. Mtu akinywa, halafu risasi ikamuua, utasemaje?"

"Nitasema amevunja mwiko."

"Na asipokufa?"

"Dawa imefanya kazi."

"Basi nitajie jambo moja ambalo likitokea, wewe mwenyewe utakiri kwamba dawa haifai."

Akawageukia watu, akainua kibuyu cha dawa. Watu wakaanza kukuzomea, mmoja akasema umekula chumvi ya Wazungu. Ukawajibu bila kupandisha sauti: "Mjerumani ni mbaya, hilo nakubali. Lakini ubaya wake hauonyeshi kwamba dawa hii ni nzuri." Kisha ukarudi kwa mumeo, ng'ambo ya mto, kuvuna.

Mimi nilikunywa, dada. Nilikuona umetuaibisha.

Uliporudi, vita vilikuwa vimekwisha upande wetu na Mjerumani amefika Ifakara na askari wake. Tulifungwa kamba moja, wanaume kumi na mmoja, tukaketishwa juani. Yule ofisa aliuliza kila mmoja swali moja tu kupitia mkalimani: "Ulikunywa maji?" Wote tulijibu ndiyo, maana kila mtu alijua. Akasema kila mwasi alikunywa maji, sisi tumekunywa maji, kwa hiyo sisi ni waasi na tutanyongwa. Kamba za kitanzi zilikuwa tayari zimeletwa.

Nikakuona unapasua umati. Ulipiga goti, ukamwamkia, kisha ukasimama.

"Mwambie bwana," ukamwambia mkalimani, "kila mamba huingia mtoni. Naye bwana jana aliingia mtoni, tulimwona, maji yakamfika kiunoni. Je, bwana ni mamba?"

Mkalimani akatokwa na jasho. "Mama, siwezi kusema hivyo."

"Sema kama nilivyosema, usipunguze."

Akasema. Sijui kwa Kijerumani ilikuwaje, lakini uso wa ofisa uliiva. Nilidhani atakupiga risasi hapo hapo. Mwishowe akauliza, polepole, kama una ndugu kati yetu. Ukanionyesha.

"Alikwenda kupigana Mahenge?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza. Kama yupo aliyemwona huyu, au yeyote kati ya hawa, ameshika mkuki vitani, ajitokeze aseme. Hayo ndiyo yatakuwa ushahidi. Kunywa si kupigana."

Hakuna aliyejitokeza. Tulichapwa viboko ishirini na tano kila mmoja, tukafunguliwa. Watu kumi na mmoja, dada. Wengine wana wajukuu sasa.

Njiani ulinishika mkono, mgongo wangu unavuja damu. Nikaanza: "Dada, mimi kweli..."

"Nyamaza," ukasema. "Nimesema sijui mbele ya watu. Niache niendelee kutojua. Wakiniuliza tena, sitaki kusema uongo."

Mpaka njaa iliyofuata vita ilipokuchukua, hukuniuliza, nami sikusema. Sasa sikiliza. Nilikwenda. Nilipanda Mahenge na rafiki yangu Mkopi, ambaye tulikimbia naye bega kwa bega kuelekea bomani. Nilirusha mkuki mmoja, sijui ulimpata nani. Ndipo bombomu, ile bunduki yao ya mfululizo, ikaanza kutema risasi. Mkopi akaanguka magotini, akajishika kifuani, akanionyesha kiganja huku anatabasamu. "Nimelowa," akasema. "Si unaona? Ni maji." Sikumwambia kwamba ilikuwa damu. Nilimlaza chini, nikakimbia, na swali lako kwa yule mjumbe likawa linanifuata njia nzima mpaka bondeni.

Umati ule uliokuzunguka Ifakara ulijua. Wako waliotuona tukiondoka. Walinyamaza kwa ajili yangu, na nadhani kwa ajili yako pia, kwa kuwa siku ile walielewa ulichokuwa unafanya ulipomuuliza yule mjumbe.

Baadaye nilipata nafasi shule ya misheni. Padre mmoja mzee alitufundisha elimu ya hoja: neno lina maana gani, sentensi hii inatokana vipi na ile. Siku moja akaandika ubaoni hoja mbovu, akauliza nani anaweza kuonyesha kosa. Nilijibu kabla hajaweka chaki chini. Akaniuliza nani alinifundisha.

"Dada yangu."

"Alisoma wapi?"

"Ifakara, akipeleka pombe kwenye baraza la jumbe."

Darasa likacheka, na padre akacheka nao. Mimi nilibaki nimesimama, kifua mbele, mpaka wakamaliza.

Sasa nami ni mwalimu, na elimu hiyo haikai darasani. Mwaka jana, Mang'ula, walitaka kumfukuza mjane mmoja kwa uchawi. Walisema kila nyumba iliyofiwa na mtoto, mama huyo alikuwa ameingia. Nikawaomba wanitajie nyumba alizoingia na watoto wakabaki wazima. Walianza kutaja, na hawakumaliza: yeye ndiye mkunga wao, hakuna nyumba asiyoingia. Mjane yupo Mang'ula mpaka leo. Aliponishukuru, nilimtajia jina lako.

Jumapili hii, baada ya misa, nitaisoma barua hii kwa sauti mbele ya watu. Mama yake Mkopi atakuwepo. Hajawahi kujua mwanawe alikufaje. Amekuwa akisikia tu kwamba alipotea. Nilikwenda kwake jana nikamwambia nina neno la kumwambia. Akanitazama, akasema, "Nimekungoja sana, mwanangu." Sijui atanisamehe au atanilaani kwa kunyamaza kwangu. Lakini atapewa lile nililoliona kwa macho yangu, bila chumvi, na akitaka kuniuliza chochote, nitabaki pale mpaka maswali yake yaishe.

Pumzika, dada. Najivunia kunyonya titi moja nawe.

Mdogo wako,
mmoja wa wale kumi na mmoja.