Nusu Kidonge Ninayomkatia Mke Wangu

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi niwekee, naomba unitoe kwenye jambo ambalo nikinyamaza nakosa na nikisema nakosa. Mimi ni fundi wa makochi, navua vitambaa vilivyochoka navisha vipya, na mke wangu ni mwalimu wa chekechea, huko kazini wanamwita Chiriku kwa sababu akianza kusema hata mlango unasubiri amalize ndipo ufungwe. Sasa kuna kipindi Chiriku alinyamaza. Alianza kusinzia kijiko kikiwa mkononi, akavaa sweta kwenye joto ambalo sisi wengine tungeweza kuvua hata ngozi, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, nyimbo anazowafundisha watoto wa watu zikamponyoka katikati, na mama mkwe alipoona mwanawe amejaa uso na anapenda kulala akaanza kulitazama tumbo kwa matumaini. Hospitali wakapima damu wakasema ni tezi ya shingoni, ile wanayoiita thairoidi, imezembea kazi, wakampa vidonge vya kumeza kila asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, na taratibu, kama taa inayoongezwa utambi, mke wangu akarudi. Siku aliyonigombeza kwa kuacha misumari kwenye kiti nilikwenda uani nikafuta machozi.

Tatizo lilianzia kliniki ya mwisho. Tulifika mapema lakini mashine ya maabara ilikuwa imelala, ikaamka mchana, kwa hiyo alitolewa damu akiwa ameshameza kidonge na ameshakunywa chai na mkate, daktari akasoma majibu akasema dawa imezidi, akaipunguza. Mke wangu akamwambia kwamba anajisikia mzima, na yule daktari bila kuinua macho akamjibu, "Mama, mimi nasoma damu, sisomi maneno." Hakubisha tena, akaikunja karatasi yake, lakini njia nzima hakusema neno, na Chiriku asiposema njia nzima ujue kuna kitu kimevunjika.

Baada ya wiki kadhaa za dozi hiyo ndogo akaanza tena kuulizia sweta. Dada yangu, yaani wifi yake, naye ana tezi na ana simu yenye intaneti, kwa hiyo ana kila kitu, akamweleza kwamba damu ya asubuhi na damu ya mchana hazisomeki sawa, ya asubuhi huonyesha mwili unaomba dawa zaidi. Mke wangu akapiga meza, kumbe alionewa. Tangu hapo akaamua kujipangia mwenyewe, anameza kidonge kizima na nusu juu yake, na hiyo nusu, mshauri, naikata mimi kwa wembe wangu wa kukatia ngozi, kwa sababu kisu cha jikoni kinavisaga na mimi nina mkono uliotulia, na sitakuficha, nilikuwa najivunia ninavyovigawa bila kupoteza hata unga.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Siku hizi mkono unamtetemeka akitunga uzi kwenye sindano, analowa jasho akiwa amekaa, usingizi unamkimbia, anawatangulia majogoo kuamka na kuanza kupanga sufuria ambazo hazikupangulika. Juzi mchana nilimaliza kochi la mteja, na desturi yetu ni kwamba kochi haliondoki karakana mpaka mke wangu alikalie, basi akakaa, nikakaa kando yake nikampitishia mkono, nikausikia moyo wake unakimbia kama cherehani ya mtu aliyeahidi nguo ya harusi. Nikamuuliza mbona moyo unakimbia hivi.

"Umekaa na mimi," akasema. "Ulitaka utembee?"

Tukacheka, ila mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Kliniki ni wiki ijayo. Mpango wake ni kuacha vidonge kabisa siku chache kabla, aende asubuhi na mapema, damu iseme anahitaji zaidi, daktari aongeze dozi kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nisimame pale niseme mke wangu anasinzia mchana kutwa. Nilipositasita akanishika mkono. "Wote wananisoma," akaniambia. "Wewe peke yako unanisikia." Nikamwapia kwamba sitasema. Sasa nikimchongea kwa daktari nimemsaliti, na nisiposema naogopa moyo ule utakuja kusimama ukiwa mikononi mwangu. Nifanyeje?

Fundi wa Makochi


Fundi,

Nitakupa pole kwanza, kisha nitakugombeza. Kama unapenda kinyume chake, soma kuanzia chini.

Pole, kwa sababu mwanamume anayelia uani kwa furaha ya kugombezwa hahitaji kufundishwa na mtu wa gazeti namna ya kupenda. Ila mapenzi yako yameshika wembe, na wembe huo uuweke chini leo hii, si ukishamaliza vidonge vilivyobaki. Zamani hukujua, sawa. Lakini juzi kwenye kochi ulijua, na asubuhi iliyofuata ukakata tena. Au nakusingizia?

Mkeo hakukosea kila kitu. Wifi na simu yake safari hii wamepatia: kipimo kikuu cha tezi, ambacho kikipanda maana yake mwili unaomba dawa zaidi, huwa juu alfajiri na hushuka kadiri mchana unavyoingia, na damu ikitolewa muda mfupi baada ya kumeza kidonge, dawa huonekana nyingi kuliko ilivyo siku nzima. Ndiyo maana vipimo vya mtu mmoja vinafaa vichukuliwe saa zinazofanana, asubuhi kabla ya kidonge cha siku hiyo, na maabara ileile ikiwezekana. Hilo lilistahili kuulizwa, na lile jibu la kusoma damu lingebaki mdomoni mwa daktari lisingemdhuru mtu. Lakini saa ya kipimo huyatikisa majibu, haiyapindui siku zote. Inawezekana dawa ilikuwa imezidi kidogo kweli. Huwezi kujua kwa kupiga meza, utajua kwa kupima tena.

Chiriku alikuwa na hoja nzuri mkononi, akaigeuza siri. Na huo mpango wa wiki ijayo hebu uufuate mpaka mwisho: ataacha dawa, damu itasimulia habari za mwanamke mwingine, daktari atamwandikia huyo mwingine dozi kubwa, na atakayeimeza ni mkeo.

Moyo kukimbia, mikono kutetemeka, jasho na kukosa usingizi ni dalili za dawa kuzidi. Kwa hiyo kliniki ya wiki ijayo isahau, nendeni kesho asubuhi. Kidonge cha kesho aende nacho mkononi bila kukimeza, aulize hukohuko ameze kiasi gani. Na kifua kikimuuma, pumzi ikimpaa au akizimia, hata hiyo kesho usiingoje, mkimbize saa hiyohiyo. Ataje kila anachomeza, na kama ana vidonge vya kurudisha nywele navyo avitoe kwenye pochi, maana vipo vinavyovuruga majibu ya tezi.

Dozi ikishapangwa, mtu yeyote asiiguse kwa wiki sita hivi ndipo apimwe tena. Dawa hii ni kama gundi yenu: anayelikalia kochi kabla halijakauka huharibu kazi, kisha humlaumu fundi.

Kubishana na daktari si dhambi, mradi mbishane naye akiwepo. Mwambie mkeo aseme hivi: "Daktari, siku ile nilitolewa damu mchana, nikiwa nimemeza dawa. Ulipopunguza nikarudi kuona baridi na kuchoka, nikaongeza mwenyewe bila kukwambia. Naomba nipimwe vizuri, kisha unisikilize." Daktari akishindwa kusikiliza maneno hayo, kuna madaktari wengine, naye ana haki ya kuomba mmoja wao.

Sasa kiapo chako. Usimchongee mkeo kwa mlango wa nyuma, angekuwa na haki ya kununa mwaka mzima, na kwa sifa za ulimi wake sikuombei. Mwambie leo, uso kwa uso, kwamba hukati tena na hutasema uongo, na kwamba mtakwenda pamoja. Atakasirika. Atakwambia umehamia upande wao. Usijibu kitu, mtengenezee chai, ukae.

Kesho funga karakana. Makochi ya watu yatangoja, wateja wa mafundi wamezoea. Mkiitwa ndani, daktari atauliza nani alimpa mama ruhusa ya kidonge na nusu, na mkeo, ambaye hajawahi kukosa neno, atainamisha kichwa. Usimwache peke yake hapo. Vuta kiti karibu naye useme, "Daktari, mimi ndiye niliyekuwa nikivikata."