Shujaa wa Wimbo Wetu Alikuwa Nyapara

Mpendwa Shangazi Rebeka, shikamoo, naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha, maana studio ya Dodoma imeshatupangia siku ya kurekodi. Naitwa Chediel, nina miaka ishirini na sita, ni fundi redio hapa Manyoni, na nina bendi ya watu wanne tunaopiga hevi metali, ule muziki wa magitaa ya umeme ambao mama anauita kelele za mashine ya kusaga, niliujua kwa kaseti niliyoikuta mfukoni mwa koti la mtumba, Wazungu wanaimba vita na wafalme wao wa kale, nikasema kwani sisi hatuna historia, tukatunga albamu nzima kuhusu reli ya Manyoni hadi Kinyangiri, ile iliyojengwa enzi ya Mwingereza kisha ikang'olewa, na wimbo mkubwa kuliko zote unamsifu baba yake bibi yangu, Mzee Samweli, aliyebeba vyuma vya reli begani, maneno niliyatoa kwenye wasifu wake uliosomwa siku ya mazishi, karatasi ipo mpaka leo ndani ya Biblia ya nyumbani.

Mwezi uliopita nikaenda Kinyangiri kumsikilizisha bibi Asnath kaseti ya mazoezi, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Zima. Baba yangu hakubeba reli, mjukuu wangu. Alibeba kiboko. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji kazini, niliona." Alikuwa nyapara, Shangazi, na siku moja alimvunja mguu mtu aitwaye Alute kwa mpini wa sururu kwa kosa la kukaa chini kupumzika, na Alute huyo ni babu yake Bonifasi, mpiga ngoma wetu, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Kwao wanajua mzee aliangukiwa na chuma, na Bonifasi anaupiga wimbo huo mpaka vijiti vinavunjika, anasema anampigia na babu yake. Baba mkubwa Simeoni ameapa kwamba nikiyatoa haya nisimwite baba tena, marehemu hasemwi vibaya, niimbe kama nilivyoandika. Albamu lazima itoke, hilo nimeshaamua, lakini itokeje?

Chediel, Manyoni

*

Marahaba, Chediel. Pole, mwanangu. Muziki wenu siuwezi, nilisikilizishwa nusu wimbo nikatafuta mlango, lakini kijana anayeikumbuka reli iliyong'olewa namheshimu.

Sasa nikugombeze. Nani alikutuma utafute historia kwenye wasifu wa msibani? Huko kila marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Wa baba yangu niliuandika kwa mkono wangu, nikaruka miaka kumi na mitatu aliyotutelekeza, na waombolezaji wakalia sana. Wewe ulikuwa na bibi aliye hai, aliyeona kwa macho yake, ukaenda kwake mwisho, maneno yameshatungwa!

Baba mkubwa mwamkie na umsikilize, ila mguu uliovunjwa si wake. Anasema marehemu hasemwi vibaya. Alute naye si marehemu? La kuvunda halina ubani, na bibi akishasema kwako atasema na kwa mwingine. Usiache Bonifasi ayasikie sokoni, kaseti ikiwa imeshauzwa.

Mwendee nyumbani kwake, mchana, akiwa peke yake. Mwambie kama bibi alivyokwambia, na mpini wa sururu usiupunguze. Usimwambie "lakini ni zamani". Akikufukuza, ondoka, kisha urudi. Siku ya studio ikipita, ipite, Dodoma haihami. Akikubali, kaeni wawili muuandike wimbo upya, Alute aimbwe kwa jina lake, na Samweli asifutwe, abaki humo na kiboko chake mkononi. Halafu mpelekeeni bibi asikilize kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema zima, zimeni mkaanze tena.

Baba mkubwa atanuna. Mwache anune, utaendelea kumwita baba na ipo siku ataitika.

Albamu yako itatoka, sina wasiwasi. Lakini leo hii rafiki yako anavunja vijiti kumsifu mtu aliyemvunja babu yake mguu, na katika bendi nzima unayejua ni wewe tu. Basi usingoje mwezi uishe. Nenda leo, na gitaa liache nyumbani.