Miruko Mitano Kabla ya Andoany

Jumapili, 2 Juni 1963

Upepo tena. Tumefika uwanjani alfajiri, tumekunja miavuli ya kurukia, tumekaguliwa, tumevaa, kisha tumekaa chini ya bawa la ndege kama magunia yaliyokosa mnunuzi. Saa tatu mwalimu wetu, Monsieur Lucien, akautazama ule mfuko wa upepo mlingotini. Umenyooka. Akatikisa kichwa. Basi, nyumbani.

Nimeruka mara tatu tangu Aprili. Sharti ni tano. Asiyetimiza mitano haendi kuruka kisiwani Nosy Be kwenye sherehe ya uhuru, tarehe 26. Razafy wa posta anayo mitano na hachoki kuitaja. Upepo wenyewe haukuweza kung'oa hata kofia yangu. Nina hasira.

Alhamisi, 6 Juni

Barua ya dada Zaina kutoka Andoany, mji wa Nosy Be. Ameshawatangazia wote, mtaa mzima. Mdogo wake atashuka kutoka mbinguni, mtoto wa Mahabibo ya Mahajanga, mwana wa fundi tanga. Ameshona nguo ya siku hiyo. Ananiuliza nitavaa rangi gani ili wanitambue.

Mama hakutaka kusomewa. Alisema tu, "Ndege ana mabawa. Wewe una mama." Akaendelea kuchambua mchele.

Naandika Kiswahili alichonifundisha babu, aliyekuwa karani wa meli. Nyumbani tunasema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, kilabuni Kifaransa. Daftari hili likisahaulika kilabuni hakuna wa kulisoma. Afadhali.

Ijumaa, 7 Juni

Somo la vifaa ni Ijumaa saa sita. Kila Ijumaa saa sita! Nilimwambia Monsieur Lucien mwezi wa nne kwamba saa hiyo niko msikitini. Akajibu niwaulize wenzangu. Aliwahi kuwa askari, kwake ratiba ni ratiba.

Nilimwuliza Razafy mara moja. Akacheka mbele ya watu: "Fundi mzima wa maturubai anauliza habari za nguo na kamba!" Sikuuliza tena. Najua kukunja, kwa kuwa hilo tunafanya kwa mikono Jumapili. Najua kuruka, kuhesabu, kutazama juu, kufungua wa akiba kifuani ukiharibika wa mgongoni. Mengine ni turubai na uzi. Uzi nimeushika tangu nina miaka saba.

Jumapili, 9 Juni

Upepo.

Jumamosi, 15 Juni

Mruko wa nne! Asubuhi tulivu kabisa. Nilitoka mlangoni bila kusukumwa, kamba iliyofungwa kwenye ndege ikauvuta mwavuli, ukafunguka. Nilimwona ng'ombe. Nilitua kwa magoti, suruali imechanika, na nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jambo moja limeniudhi. Kilele cha mwavuli hufungwa kwenye kamba ya ndege kwa uzi mwembamba. Umekatika. Umekatika mara zote nne. Monsieur Lucien hufunga mwingine uleule, mwembamba vilevile, wala haoni haya. Mimi mtu angeniletea tanga limefungwa hivyo ningemwuliza nani kamfundisha kazi.

Jumapili, 16 Juni

Hii ya leo ni mbaya kuliko zote. Tulipanda. Tulikuwa juu. Nimekaa mlangoni, miguu nje, naiona barabara ya Antsanitia chini. Mkono wa Monsieur Lucien ukanishika ukosi ukanirudisha ndani. Upepo umepanda. Tukashuka na ndege, tumeketi kama abiria.

Nilimwambia mfuko wa upepo ulikuwa umenyooka nusu tu. Akasema nusu inamtosha yeye mwenye miruko mia kadhaa, hainitoshi mimi mwenye minne. Akasema nikiwa na miruko mingi nitafurahi kwa siku ambazo sikuruka. Maneno ya mtu aliyekwisha shiba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu linauma.

Alhamisi, 20 Juni

Mruko wa tano. Alhamdulillahi. Wa tano kabisa, tena nilitua kwa miguu. Monsieur Lucien aliandika kwenye kadi yangu, akanipa mkono. Naenda Andoany. Uzi umekatika tena, bila shaka.

Nimempelekea Zaina simu ya maandishi: suruali nyeupe, kofia nyekundu.

Jumamosi, 22 Juni

Miavuli minne imeletwa dukani kwangu. Yangu, ya Razafy, ya mwalimu wa michezo, ya karani wa forodha. Imekunjwa, imekaguliwa, kadi zimetiwa saini. Pembe za mifuko yake zimechanika, niweke viraka, basi. Monsieur Lucien alisisitiza: viraka tu, kilichomo ndani kisiguswe.

Nimeweka viraka. Nilipofunua jalada nikauona ule uzi kila mfuko. Ule mwembamba. Nikamkumbuka marehemu baba. Hakuna kitu kilichotoka mkononi mwake na mshono mbovu, hata kama mshono si wake na hajaombwa. Alikuwa akisema kazi ikipita kwako inabeba jina lako.

Nimekata zote nne. Nimefunga uzi wa tanga uliopakwa nta, duru sita kila mfuko, na fundo la baba. Nimening'inia kwa uzito wangu wote, haukusogea. Ile takataka nimeitupa jikoni mwa mama, motoni. Sitamwambia mtu. Watajionea wenyewe Andoany uzi usiokatika ukoje.

Jumanne, 25 Juni

Tumefika Nosy Be kwa ndege ya kilabu. Harufu ya langilangi mpaka uwanjani. Andoany bendera kila dirisha. Zaina alinikumbatia akalia, kisha akanisema kwa kukonda. Majirani walipita mmoja mmoja kuniangalia. Kuna bibi alinishika mikono yote miwili akanisomea dua. Kesho saa mbili. Razafy atatoka wa kwanza, mimi wa pili.

Nimefurahi, na nachukia kwamba nimefurahi mbele ya Razafy.

Jumatano, 26 Juni

Niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi hapakuwa na upepo hata kidogo. Mfuko ulilala mlingotini. Baada ya wiki zote zile!

Tukiwa tumevaa, Monsieur Lucien akatupanga kando ya ndege kila mtu aseme vifaa vyake, kuanzia ndege hadi mwili. Razafy akaanza, haraka haraka, kama mtoto wa chuoni. Kamba ya ndege inafungua mfuko. Inavuta mwavuli mpaka unyooke wote. Hapo uzi wa kilele unakatika, mwavuli unaachana na ndege, mimi naenda zangu.

Unakatika. Yaani kazi yake ni kukatika.

Nikaona duru sita za nta. Nikamwona Razafy ananing'inia nyuma ya ndege, mwavuli umefungwa mkiani, hauachii, na wote wa Andoany wanatazama juu. Wa pili ningekuwa mimi. Lakini niseme kweli, niliyemwona ni Razafy.

Na bado sikusema mara moja. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uzi. Rubani alikuwa anawasha injini. Nilifikiri: nitatafuta kisu, nitakata yangu na yake kimyakimya ndani ya ndege. Nilifikiri: labda utakatika tu. Nilifikiri habari za Zaina na nguo yake mpya. Razafy akaweka mguu kwenye kipandio.

Nikapiga kelele. Kwa Kikomoro, sijui kwa nini, hakuna aliyeelewa. Nikamshika Razafy mkanda wa mgongoni nikamvuta mpaka tukaanguka wote wawili. Ndipo nikasema kwa Kifaransa.

Monsieur Lucien hakupaza sauti. Alizima injini kwa ishara ya mkono. Alifunua majalada manne, akatazama mafundo yangu moja baada ya jingine. Alijaribu kukata uzi mmoja kwa mikono, akashindwa. Akaniuliza ule wa kwanza uko wapi. Nikasema nimeuchoma. Wa kubadilishia alikuwa ameuacha Mahajanga. Karani wa forodha akasema wakanunue uzi mwembamba sokoni. Monsieur Lucien akasema kwa uzi asiojua unakatika kwa uzito gani hatamtundika mtu. Hakuna atakayeruka isipokuwa yeye, kwa mwavuli wake, ambao haukupita kwangu.

Aliruka peke yake. Watu walishangilia sana. Zaina alikuwa akipiga kigelegele na kuuliza yupi ni mimi. Nilisimama nyuma yake, suruali nyeupe, kofia nyekundu mkononi.

Mficha uchi hazai. Nilimwambia Zaina pale pale, na majirani wakasikia. Kisha akauliza Razafy ana watoto wangapi. Nikasema wawili. Akasema basi mlete ale, wali umepikwa wa watu wengi.

Razafy hakuja.

Alhamisi, 27 Juni

Tumerudi. Monsieur Lucien amechukua kadi yangu. Siruki. Nitakunja, mbele ya macho yake, na nitaruka siku ambayo Razafy atasema niruke. Si yeye Lucien. Razafy. Somo la vifaa sasa ni Alhamisi jioni. Monsieur Lucien alisema hilo akitazama pembeni, na kwamba kosa la Ijumaa ni lake. Sikutaka kulisikia. Nimekasirika naye kwa kunionea huruma, nimekasirika na Razafy kwa kicheko cha siku ile, na zaidi na huyu fundi aliyeona haya kuuliza. Kuuliza mara ya pili tu!

Mama amepika samaki.

Jumanne, 9 Julai

Nimepita posta kununua stempu. Razafy dirishani. Alinipa stempu, akanirudishia chenji, akamwita aliye nyuma yangu.

Jumapili, 21 Julai

Hakuna upepo. Nimekunja miwili, wa mwalimu wa michezo na wa Razafy. Monsieur Lucien alikagua, nami nikasimama kando. Razafy naye alikuja, akapiga goti, akapitisha kidole kila mahali mwenyewe. Hakunitazama. Akavaa, akapanda.

Nilibaki majanini. Ndege ilizunguka mara mbili. Nikaona kitu kidogo cheusi kinatoka mlangoni, nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Ukafunguka. Nikaketi chini.