Kituo cha Tatu Hakina Mtu

Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu. Siku ya ndoa yako, nilipolia mpaka wakanitoa nje kunipa maji, sikulia kwa kukukosa. Nililia kwa hasira. Gari la shemeji lilikuwa limeshawashwa kwenda Kalima, nami nikawaza: sasa nani ataamua mechi pamoja nami?

Maana vituo vya besiboli ni vinne, na waamuzi, arbitre kama watu wasemavyo, tulikuwa wawili tu. Mimi nyuma ya mdakaji, wewe uwanjani. Mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza na mpira ukipigwa mbali, wewe ulibaki katikati kuangalia cha kwanza na cha pili, mimi nikatoka mbio kumsubiri cha tatu. Na lazima tuambizane kwa sauti. Mwalimu mgeni aliyetuletea mchezo ule alilirudia hilo mpaka tukachoka naye, kisha akarudi kwao.

Wewe ulipaza sauti: "Moja na mbili ni yangu!" Mimi nilipaswa kujibu, "Tatu njo yangu!" yaani cha tatu niachie mimi. Nikanong'ona.

"Sema kwa nguvu, we mutoto! Unaongea na panya?"

Watu walicheka. Lakini hukunilazimisha. Ulianza kuangalia mikono yangu: nikishika kikwembe, kile kitenge changu cha kiunoni, na kukipandisha magotini, ulijua natoka. Ukaniacha nizoee hivyo. Kwa nini, yaya? Ulijua utaolewa! Posa ilikuwa imeshaletwa nyumbani!

Nafasi yako wamempa bwana mmoja, sitwayeni Amisi, yule anayefanya kazi stesheni ya reli. Ni mtu mwema, ila habari za kikwembe hazijui, nami siwezi kumwambia mwanaume mzima aangalie magoti yangu.

Basi Jumapili iliyopita, mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza, mpira ukapigwa mpaka kwenye majani. Nikapandisha kikwembe, nikakimbia cha tatu. Amisi hakusikia kitu, naye akakimbia cha tatu. Tukagongana, kofia yangu ikaanguka. Nyuma yetu, kituo cha pili, mpigaji alikuwa amelala juu ya gunia la mchanga tuliloweka kama kituo na mlinzi amelala juu yake. "Nje!" "Hapana, nimefika!" Wote wakatugeukia sisi.

"Uliona?" Amisi akaniuliza chini chini.

"Hapana. Na wewe?"

"Mimi niliona weye tu."

Mama mmoja muuza karanga akapiga kelele: "Arbitre wawili, macho hata moja! Muwaoze basi, si wanapenda kituo kimoja!"

Uwanja mzima ulicheka. Kicheko kilifika nyumbani kabla yangu.

"Unaona?" mama akasema. "Toka yaya yako aende, akili yako ilimufuata. Siku ile ya ndoa uliniliza hata mimi. Wiki ijayo utaenda Kalima kukaa naye." Ameshaongea na yule mwenye duka wa Butembo, lori lake la kwenda huko lina nafasi. Nami nikanong'ona, "Ndiyo, mama."

Yaya, sitaki kuja. Usikasirike. Kila nikitwanga majani ya muhogo ya sombe peke yangu nakukumbuka, hata matusi yako. Lakini Alhamisi nilimwomba Amisi tukutane uwanjani wakati hakuna watu. Nikamwambia, "Sitwayeni, mimi sina sauti. Nataka kuitafuta. Usicheke." Akaupiga mpira mbali, akaanza kukimbilia cha tatu, kama kawaida yake. Nikafungua mdomo.

"Tatu njo yangu!"

Mbuzi waliacha kula. Amisi alisimama kama aliyekamatwa, akageuka: "Haya, haya, mama, ni yako!" Akarudi cha pili. Tukarudia mpaka koo likaniuma. Shule nimemaliza, yaya, na miaka yote darasani hakuna aliyewahi kunipisha kwa sababu nimesema. Nataka kusema hivyo mbele ya watu. Kalima nitamwambia nani?

Kwa hiyo nisaidie, maana shida hii umeniachia wewe. Mwandikie mama upesi, kabla lori halijaondoka, kwamba nyumba yenu imejaa wageni wa shemeji. Nikikataa mwenyewe ataniuliza juu ya yale machozi, nami sijui kumdanganya. Anayasimulia kwa kila mgeni, mkono kifuani: "Hawa watoto wangu wanapendana." Mwache aendelee. Ni kweli, ila siku ile nililia kwa jambo lingine. Wewe unalijua sasa, lisifike kwake.

Msalimie shemeji, na barua hii uichome.

Mdogo wako