Bega la Kulia la Rukia

Jumatano, Mtongwe. Mvua ya asubuhi imekatika na joto limerudi palepale. Tangu tutoke hospitali nimekaa kwenye cherehani, na sijashona hata mstari mmoja.

Niandike basi.

Wiki iliyopita nilikuwa namshonea binti yangu Rukia gauni la harusi ya mdogo wangu. Ana miaka kumi na mitatu na mwaka huu amerefuka ghafla. Alipolijaribu, upindo ulipanda upande mmoja. Nikadhani nimekata vibaya. Nikafumua, nikashona upya, likapanda vilevile. Ndipo nikamwambia avue, ageuke, nimtazame mgongo.

Kombe la bega la kulia, ule mfupa bapa wa nyuma, lilikuwa limetokeza. La kushoto limelala.

Gauni halikuwa na kosa.

Leo daktari alimwambia ainame kama anayeokota kitu, na mbavu za kulia zikainuka. Akampeleka kupigwa picha. Nimemwogesha mtoto huyu, nimemsuka, namjua hadi baka la nyuma ya goti. Lakini pale kwenye kompyuta nilimwona mifupa mitupu.

Daktari alinionyesha taratibu. Pingili saba za shingo, vile vifupa vya uti wa mgongo. Kumi na mbili za nyuma ya kifua, kila moja imeshika mbavu kulia na kushoto. Tano za kiuno, kisha zile zilizoungana katikati ya nyonga. Ukizitazama kwa nyuma zapaswa kusimama wima. Za Rukia zimepinda kama herufi S, tena zimejisokota kidogo. Zimevuta mbavu, na mbavu zimelisukuma kombe la bega.

Nikauliza kama ni begi la shule. Au anavyolala. Au chakula changu. Akasema si hayo, na mara nyingi sababu haijulikani. Kwa kuwa mifupa yake ingali inakua, pindo hilo la mgongo laweza kubaki hivyo au kuzidi. Turudi baada ya miezi kadhaa, apigwe picha nyingine. Likizidi, atavaa mkanda mgumu wa kushika kiwiliwili.

"Na likizidi sana?"

"Kuna upasuaji. Lakini hatujafika huko, mama."

Hatujafika. Nimevuka nalo feri neno hilo, na bado linanizunguka kichwani.

Nyumbani tulimkuta mavyaa, mamake mume wangu, ameketi barazani na chupa ya mafuta ya nazi. Alishamwita mwanamke anayekanda na kunyoosha viungo, aje kesho. "Mifupa ya mtoto ingali laini," akasema. "Atanyooka, inshallah."

Najua ampenda. Yeye ndiye aliyemkanda Rukia alipokuwa mchanga. Lakini daktari alisema wazi mgongo huu usivutwe wala usikandamizwe, kwani katikati ya pingili hizo mnapita mishipa ya fahamu ya mwili mzima.

"Mama, niwie radhi. Hatakandwa."

Nilikuwa sijawahi kumwambia hapana tangu niolewe. Alijifunga leso akaondoka, chai ameiacha nusu. Mume wangu yuko safarini na meli. Akipiga simu, mamake atakuwa ameshasema naye. Na kama nimekosea mimi? Na kama ningeona mapema, mimi niliyepima migongo ya wanawake wa mtaa mzima?

Rukia alikuja akakaa miguuni pangu.

"Mama, waogopa?"

Nikamwambia la, nimechoka tu.

"Ukinificha ndiyo mimi naogopa zaidi."

Hakulia.

Nikamwambia ndiyo, wallahi, naogopa. Nikamweleza yote aliyosema daktari, mpaka upasuaji. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza huo mkanda huvaliwa ndani ya nguo au nje. Sikujua. Tukakubaliana aulize mwenyewe siku tutakayorudi.

Sasa amelala kwa ubavu, na mimi najilazimisha nisimtazame mgongo.